Tajiri wa klabu yako ni mfadhili, mwekezaji au mkopeshaji?

Swali la msomaji: "Klabu ninayoishabikia tangu utotoni imenunuliwa na bilionea. Wenzangu wanasherehekea, wanataja majina ya wachezaji watakaosajiliwa. Mimi nina wasiwasi nisioweza kuueleza vizuri. Je, akitubania fedha? Na akizitoa, zitadumu? Sisi mashabiki tuna nguvu gani mbele ya mtu kama huyu? Na nikishangilia ushindi uliopatikana kwa fedha zake, nimekosea?"

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, ila naona unaogopa lililo dogo na kuliacha kubwa. Unauliza kama tajiri atabana fedha. Nimesoma hesabu za klabu za mpira kwa miaka mingi, na nyingi nilizoziona zikianguka hazikuangushwa na ubahili wa mwenye mali. Ziliangushwa na namna fedha zilivyoingia, au na namna mwenyewe alivyoondoka.

Kwa bahati njema lugha yetu imeshatutofautishia mambo. Tuna mfadhili, anayetoa bila kutazamia kurudishiwa. Tuna mwekezaji, anayeweka ili baadaye avune. Na tuna mkopeshaji, anayetoa leo huku siku ya kudai ikiwa imeshaandikwa. Siku tajiri anapotambulishwa, ameinua skafu ya klabu mbele ya kamera, wote watatu wana sura moja. Tofauti yao iko kwenye karatasi, na hizo karatasi mashabiki huwa hatuziombi.

Chukua Manchester United. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua klabu hiyo kwa thamani ya karibu pauni milioni 790. Zaidi ya pauni milioni 500 zilikuwa za kukopa, na karibu nusu ya mkopo huo iliwekewa dhamana ya mali za klabu yenyewe. Ni sawa na mtu kununua basi la abiria kwa mkopo, kisha deni akalibebesha basi: nauli inayokusanywa inakwenda benki kwanza, tairi na mafuta vinasubiri. Klabu iliyokuwa haina deni ikaanza kulipa riba ya kununuliwa kwake yenyewe. Sehemu nyingine ya mkopo, iliyowekewa dhamana ya hisa za familia, ilifika riba ya zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka, na riba hiyo haikuwa inalipwa bali ilirundikwa juu ya deni.

Sasa tazama jinsi jambo hili lilivyo gumu kuliona ukiwa jukwaani. Timu ilichukua ubingwa wa Uingereza mara tatu mfululizo, 2007 hadi 2009, na mwaka 2008 ikachukua Ligi ya Mabingwa Ulaya. Nani angekusikiliza ukilalamikia riba usiku ule? Hata hivyo wapo waliolalamika. Mapema mwaka 2010 mashabiki walianza kuvaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo kabla ya 1902. Mwezi Machi mwaka huo David Beckham, nyota wa zamani wa United aliyekuwa akiichezea AC Milan, alitoka kwenye uwanja wa United, Old Trafford, amevaa skafu moja ya namna hiyo shingoni. Wengine walikwishaondoka mapema zaidi: mwaka 2005 waliunda klabu yao, FC United of Manchester, inayomilikiwa na wanachama wenyewe, kila mmoja kura moja.

Mwaka 2012 klabu iliuza hisa kwenye soko la New York. Hisa zilizouzwa kwa watu wa kawaida zilikuwa na kura moja kila moja, zilizobaki kwa familia zilikuwa na kura kumi kila moja. Kwa hiyo ungeweza kununua hisa za klabu yako, ukaitwa mmiliki, na neno lako likabaki vilevile halina uzito. Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, mvua kubwa ilimwagika kutoka kwenye paa la Old Trafford kama maporomoko, ikaangukia viti. Mimi huwa nafikiri ile picha ndiyo hesabu ya klabu ile iliyoandikwa kwa maji. Fedha zilikuwepo miaka yote; hazikufika kwenye paa.

Kinyume chake kiliwapata Leicester City. Familia ya Srivaddhanaprabha ya Thailand iliinunua mwaka 2010, ikaikopesha fedha nyingi, na mwaka 2013 ikageuza deni la zaidi ya pauni milioni 100 kuwa hisa. Maana yake klabu haikudaiwa tena fedha zile. Aliyezitoa alibaki na umiliki mkubwa zaidi badala ya haki ya kudai. Miaka mitatu baadaye wakawa mabingwa wa Uingereza. Sisemi ubingwa ulitokana na karatasi ile. Nasema kwamba siku mwenyekiti Vichai alipofariki katika ajali ya helikopta nje ya uwanja, Oktoba 2018, mashabiki walimlilia kama mtu wao, na katika hesabu zao walikuwa na sababu.

Kisha wako matajiri wanaotia fedha kama mkopo usio na riba, wakisema hawatadai. Roman Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003, na kufikia mwisho wake klabu ilikuwa na deni la takriban pauni bilioni 1.5 kwake. Makombe yalikuja mengi, na riba haikuwepo. Tatizo lilikuwa lingine: kila kitu kilimtegemea mtu mmoja. Machi 10, 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Uingereza ilimwekea vikwazo, na ndani ya saa chache klabu bingwa ya dunia ilikuwa inaendeshwa kwa kibali maalumu. Duka la jezi likafungwa. Tiketi mpya zikasimamishwa. Kibali kiliweka hata kiwango cha nauli: safari ya mechi ya ugenini isizidi pauni 20,000. Mpaka ilipouzwa mwishoni mwa Mei kwa pauni bilioni 2.5, mashabiki ambao hawakuwa na kosa lolote walikuwa wanaishi ndani ya kesi ya mwenye mali.

Hapo ndipo ninapotaka uelekeze wasiwasi wako: siku ya kuondoka kwake. Mkataba wa mchezaji ni wa miaka minne au mitano. Hamu ya tajiri inaweza kuisha kwa wiki moja. Ukimnunua mchezaji kwa milioni 50 na kumpa mkataba wa miaka mitano, vitabu vinabeba milioni 10 kila mwaka, mara nyingi na malipo kwa klabu iliyomuuza yamegawanywa kwa awamu, na juu yake kuna mshahara. Tajiri akitoka mwaka wa pili, miaka mitatu iliyobaki ni ya nani? Ni yenu.

Anzhi Makhachkala ya Urusi ilinunuliwa na Suleyman Kerimov mwaka 2011. Mwaka huohuo ikamsajili Samuel Eto'o kwa mshahara uliotajwa kuwa mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote duniani. Wachezaji walikaa na kufanya mazoezi karibu na Moscow, wakiruka kwa ndege kwenda kucheza mechi za nyumbani. Kiangazi cha 2013 tajiri alikata bajeti, nyota wakauzwa, na mwisho wa msimu uliofuata timu ilishuka daraja. Málaga ya Hispania, iliyochukuliwa na Sheikh Abdullah Al Thani mwaka 2010, ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2013, ikawa dakika chache tu kabla ya kuitoa Borussia Dortmund, huku UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikiwa tayari imeiadhibu kwa madeni ambayo haikulipa. Mwaka 2018 ilishuka daraja. Mwaka 2023 ikashuka tena, mpaka ngazi ya tatu. Shabiki wa Málaga akikusimulia usiku ule wa Dortmund, utamsikia anapunguza sauti anapofika kwenye kilichofuata.

Uwanja nao uuangalie kwa macho mawili. Derby County iliuza uwanja wake kwa kampuni ya mmiliki wake mwenyewe mwaka 2018 kwa takriban pauni milioni 81. Kwenye vitabu hasara ikageuka kuwa faida, na wengi walipumua. Septemba 2021 klabu iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, ikakatwa pointi 21 msimu ule, ikashuka daraja. Na waliokuja kuiokoa walikuta klabu iko huku na uwanja uko kule, mambo mawili ya kujadiliwa badala ya moja.

Kuna siku moja ambayo huwa siwezi kuipita haraka. Agosti 27, 2019, klabu ya Bury, mwanachama wa ligi ya Uingereza tangu 1894, ilikuwa na saa chache tu za kupata mnunuzi. Mashabiki walikwenda uwanjani Gigg Lane wakiwa na ndoo, mifagio na vitambaa, wakasafisha viti na vyumba ili mechi ijayo isikute uchafu. Usiku ule ligi iliifukuza klabu. Mmiliki wake hakuwa bilionea. Alikuwa ameinunua kwa pauni moja miezi minane kabla. Nakutajia hili kwa sababu linakuonyesha mnunuzi asiyethibitisha fedha zake anavyoweza kupita mlangoni, na ni nani anayebaki ameshika fagio.

Kuhusu rangi na jina nitakuwa mfupi, kwa kuwa huko mashabiki tayari wako macho. Vincent Tan aliibadilisha Cardiff City kutoka bluu kuwa nyekundu mwaka 2012, mwaka uliofuata timu ikapanda Ligi Kuu, na bado mashabiki hawakuacha kudai bluu yao hadi iliporudishwa Januari 2015. Mmiliki wa Hull City naye alitaka kuibadilisha jina iwe Hull Tigers. Chama cha soka cha Uingereza kilikataa mwaka 2014. Mambo haya yanauma, lakini yanarekebishika. Uwanja uliouzwa haurudishiki kirahisi.

Lipo jambo jipya zaidi ambalo huenda hujalifikiria: tajiri wako anamiliki klabu ngapi nyingine? Mei 2025 Crystal Palace ilishinda Kombe la FA, kombe lake kubwa la kwanza katika historia yake yote, na pamoja nalo nafasi ya kucheza Ligi ya Europa. Mmoja wa wamiliki wake, John Textor, alikuwa pia na Lyon ya Ufaransa, iliyofuzu mashindano hayohayo. Kanuni za UEFA zinakataza mtu mmoja kuwa na nguvu katika klabu mbili za mashindano mamoja, na tarehe ya kujipanga upya, Machi 1, ilikuwa imeshapita. Palace ikashushwa kwenda Ligi ya Conference, na mahakama ya michezo ikaliunga mkono hilo mwezi Agosti. Fikiria babu aliyesubiri maisha yake yote kuliona kombe lile, anaambiwa nafasi aliyoishinda timu uwanjani imepotea kwa sababu ya hisa zilizo nchi nyingine. Huko Strasbourg, iliyonunuliwa mwaka 2023 na wamiliki wapya wa Chelsea, kuna mashabiki waliokaa kimya dakika 15 za mwanzo wa mechi kupinga klabu yao kufanywa tawi. Klabu yako ikiingizwa kwenye familia ya namna hii, uliza mapema yenyewe ni ndugu mkubwa au mdogo wa nani.

Na kama fedha zinatoka kwa dola, kama Newcastle iliyochukuliwa mwaka 2021 na mfuko wa taifa wa Saudi Arabia pamoja na wenzake, au Paris Saint-Germain iliyo mikononi mwa Qatar tangu 2011, kuna mzigo wa aina nyingine. Unajikuta unatakiwa kuitetea serikali ya watu wengine kwa sababu tu mshambuliaji wenu amefunga. Ushauri wangu ni huu: hulazimiki. Kuipenda timu hakukufanyi kuwa msemaji wa mwenye mali, na anayekukaripia kwa kuuliza habari za haki za binadamu hajawa shabiki zaidi yako.

Umeuliza kuhusu nguvu za mashabiki. Zipo, ila hazilingani kila mahali. Usiku wa Aprili 18, 2021, klabu 12, sita kati yake za Uingereza, zilitangaza ligi yao wenyewe, Super League, ambayo waanzilishi wake wasingeshuka daraja. Jumanne jioni mashabiki wa Chelsea, mojawapo ya klabu hizo, walijaa nje ya uwanja wao wa Stamford Bridge kupinga, basi la timu likashindwa kuingia, na Petr Čech, wakati huo kiongozi wa klabu, akatoka mwenyewe kuwasihi wafungue njia. Kabla ya usiku kuisha klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejiondoa au zinajiondoa. Siku zile mbili zilizaa kazi ndefu: tathmini iliyoagizwa na serikali na kuwasikiliza mashabiki, na hatimaye sheria ya mwaka 2025 iliyounda msimamizi huru wa soka la Uingereza, mwenye mamlaka ya kuwapima wamiliki na kulinda uwanja, jina, nembo na rangi.

Ujerumani walianza mapema. Tangu klabu ziruhusiwe kuwa kampuni mwaka 1998, kanuni inataka wanachama wabaki na nusu ya kura na moja zaidi, isipokuwa kwa klabu chache zilizopewa ruhusa maalumu. Na hata kanuni hiyo wanailinda kwa mikono yao: majira ya baridi ya mwaka 2023 na 2024, ligi ilipotaka kumuuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya matangazo, mashabiki walirusha mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti uwanjani wiki baada ya wiki, mechi zikasimama, na Februari 2024 mpango ukaachwa.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba wanachama wakishika klabu basi shida zimekwisha. Barcelona ni ya wanachama, na mwaka 2021 rais wake alitangaza deni la euro bilioni 1.35, mwezi huohuo Messi aliondoka huku akilia mbele ya waandishi. Viongozi wa kuchaguliwa nao hutaka makombe kabla ya uchaguzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, awe nayo bilionea mmoja au wanachama laki moja.

Mfano ninaoupenda ni Portsmouth. Baada ya kombe la FA la 2008 ilipita mikononi mwa wamiliki wanne katika msimu mmoja, ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuingia kwenye ufilisi, Februari 2010, na ikaporomoka hadi daraja la nne. Mwaka 2013 mashabiki waliichukua, hisa moja pauni 1,000, wengine wakichangishana ili wapate moja. Walilipa madeni. Mwaka 2017 walipiga kura kuiuza kwa Michael Eisner, aliyewahi kuongoza Disney. Waliuza wakiwa wamekwishalipa, wakiwa na vitabu mkononi, baada ya kumhoji mnunuzi ana kwa ana. Tajiri alikuja, ndiyo, ila alikuta mwenyeji nyumbani.

Kwa hiyo, wewe na wenzako fanyeni hivi. Tafuteni umoja wa mashabiki uliosajiliwa kisheria. Kama haupo, uanzisheni sasa, wakati timu inashinda na hakuna mwenye hasira. Andikeni barua rasmi kwa klabu. Ulizeni fedha za kununulia zilitoka wapi, na kama kuna deni lolote lililowekewa dhamana ya klabu. Ulizeni uwanja na viwanja vya mazoezi vimeandikwa kwa jina la nani. Ulizeni fedha anazotia kila mwaka zinaandikwa kama hisa au kama mkopo, na kama ni mkopo, una riba gani na unalipwa lini. Na ulizeni lile ambalo wengi huona haya kuliuliza: akiondoka kesho, mishahara ya mwaka mmoja inalipwa na nani? Mwenye nia njema atajibu. Atakayekasirika naye atakuwa amejibu.

Ama kushangilia, shangilia. Goli ni la wachezaji wako na sauti ni yako, na hakuna hati ya umiliki inayoandika sauti ya jukwaani. Mashabiki wa Manchester United waliovaa kijani na dhahabu waliimba timu ikifunga, huku skafu ile iko shingoni. Hawakuona kugongana kokote, na mimi pia sioni.

Hesabu za mwaka wake wa kwanza zikitoka, usianze na ukurasa wa faida. Anza na ule wa madeni kwa kampuni zenye uhusiano na mmiliki. Kwa kawaida uko nyuma kabisa, kwa herufi ndogo. Usome, kisha niandikie umekuta nini.